Hesabu Mliyoiruka: Barua ya Wazi kwa Wakopeshaji wa Nyumba

Kwa wakurugenzi wa mabenki na SACCO zinazotoa mikopo ya nyumba nchini Kenya. Nakala kwa KMRC, kampuni inayowapa fedha za mikopo hiyo, na Benki Kuu ya Kenya.

Waheshimiwa,

Nina jambo la shilingi 1,200. Kwa upungufu wa kiasi hicho, au kidogo chini yake, ombi langu la mkopo wa nyumba limekataliwa. Sikuja kulia. Nimekuja na hesabu, na nawaomba muifuate pamoja nami mpaka mwisho, kwa sababu naamini yule aliyenikatalia aliachia njiani.

Mimi ni karani katika kampuni ya kliaringi hapa Mombasa. Nina miaka 38 na watoto wawili, mmoja sekondari na mwingine shule ya msingi, na ninawalea peke yangu. Mshahara wangu ni shilingi 65,000, wote wa msingi, hauna marupurupu. Mkopeshaji simtaji. Wenzangu waliojaribu kwingine wamenionyesha fomu zao na zinafanana na yangu, kwa hiyo barua hii si ya ofisi moja. Ni yenu nyote.

Nyumba niliyoipata ni ya vyumba viwili vya kulala, bei yake shilingi 3,300,000. Niliomba milioni tatu kwa riba ya asilimia 9.5, kwa miaka 20. Marejesho yake kwa mwezi ni karibu 28,000. Riba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. KMRC iliundwa mwaka 2018 na ikapata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020 ili iwape nyinyi fedha za muda mrefu kwa bei nafuu, nanyi mtukopeshe kwa riba isiyofika asilimia 10. Kwa riba ya kawaida ya asilimia 15, milioni tatu hizo hizo zingenidai karibu 39,500 kila mwezi, na hapo nisingepoteza nauli kuja kwenu. Mpango uliandikwa kwa ajili ya watu wa kipato changu. Ulipoanza, sharti lilikuwa mwombaji asizidi mapato ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Mimi sifiki hata nusu.

Sasa tuje kwenye kilichonikwamisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Ni sheria nzuri na siigombi; imewaokoa wengi wasirudi nyumbani mwisho wa mwezi mikono mitupu. Kwangu mimi theluthi mbili ni shilingi 43,333. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa mapato unanichukulia karibu 9,900, NSSF 3,900, bima ya afya ya SHIF karibu 1,800, na ada ya nyumba za bei nafuu 975. Jumla ni kama 16,550. Ongeza marejesho ya 28,000, unafika 44,500 na kidogo. Nimevuka mstari kwa shilingi 1,200 hivi. Afisa alinigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe sehemu iliyokuwa nyekundu. "Mama, sistimu imekataa," akaniambia, na kusema kweli alikuwa kijana mwenye adabu.

Sistimu ilikataa kwa sababu haikuulizwa swali lote. Mtu anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe anaruhusiwa na sheria kuiondoa riba hiyo kwenye mapato kabla ya kutozwa ushuru. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kimepandishwa hadi 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza wa mkopo wangu, riba peke yake ingekuwa 23,750. Ikiondolewa, ushuru wangu unashuka kwa takriban shilingi 7,100. Makato yangu yote, pamoja na marejesho yenu, yanakuwa kama 37,400, na theluthi yangu inabaki salama na chenji juu. Riba hupungua kadiri deni linavyopungua, najua, na nafuu hupungua nayo. Hata hivyo baada ya miaka kumi bado ingekuwa zaidi ya 5,000 kwa mwezi, na hapo sijahesabu nyongeza ya mshahara hata ya shilingi moja. Bunge limenipa haki hiyo, mwajiri wangu anaweza kuitekeleza kwenye mshahara wa kila mwezi mkimpa cheti cha riba, lakini kwenye fomu yenu haina mahali pa kuandikwa.

Mwombaji mwenye mume au mke mwenye mshahara haoni hasara kubwa nafuu hiyo ikisahauliwa. Mshahara wa pili unafunika. Mwenye mshahara mmoja ndiye anayeangukia nje kwa 1,200.

Halafu kuna kodi. Ninalipa kodi ya nyumba shilingi 20,000 kila mwezi, Bamburi, na mwenye nyumba wangu si mtu wa kungojea tarehe tano iwe tarehe sita. Nikishakatwa na serikali na nikishamlipa, ninabaki na 28,450 za chakula, nauli, umeme, maji ya mkokoteni mfereji ukikauka, na karo. Ndizo ninazoishi nazo leo. Kwa mkopo wenu, na nafuu ya ushuru ikihesabiwa, ningebaki na karibu 27,600. Tofauti ni shilingi 850. Naam, mwenye nyumba ana gharama ambazo mpangaji hazijui: bima ya jengo, ada ya usafi na mlinzi, kodi ya ardhi ya kaunti, paa linalovuja. Sijifanyi sizijui. Lakini mwaniambia sitaweza maisha ambayo ninayaishi tayari, na karatasi za kuthibitisha ninayo kila moja, maana kodi yangu yote hupita M-Pesa na kila ujumbe umehifadhiwa.

Taarifa hiyo ya M-Pesa mliiomba wenyewe. Niliichapisha, kurasa nyingi, nikaipeleka. Afisa aliifungua akitafuta jambo moja tu: mikopo ya simu. Alipopata kwamba niliwahi kukopa kwa simu muhula wa shule ulipofunguliwa na nikalipa wiki ile ile, akaweka alama ya kalamu. Zile 20,000 za kila mwezi, zenye jina la mwenye nyumba yule yule ukurasa baada ya ukurasa, hakuziwekea alama yoyote. Mtu akichelewesha deni dogo, jina lake lapelekwa CRB, kwa watunza rekodi za wakopaji. Akilipa kodi miaka kwa miaka bila kukosa, halipelekwi popote. Hilo si la kumlaumu yule kijana. Ni nyinyi mliompa orodha ya makosa ya kutafuta, bila orodha ya mema.

Nije kwenye kisanduku cha mwenza. Fomu ina sehemu ya mapato ya mwenza. Mwenzangu hayupo, kwa hiyo palipigwa mstari. Ukurasa unaofuata una sehemu ya wategemezi, na hapo watoto wangu wawili wakaandikwa, kila mmoja na kiasi chake cha kutolewa kwenye uwezo wangu. Watoto ni wa watu wawili. Katiba yetu, ibara ya 53, inasema matunzo ya mtoto ni jukumu la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 imelikazia. Kwenye karatasi zenu gharama yote ni yangu, na mchango wa baba yao ni sifuri.

Baba yao hutuma pesa. Si nyingi, wala si kwa furaha, lakini hutuma, kwa amri ya mahakama ya watoto. Niliuliza kama zinaweza kuhesabiwa nikajibiwa kwamba hazimo kwenye karatasi ya mshahara. Naelewa wasiwasi wenu. Mwanamume anaweza kuacha kutuma kesho, na wapo wengi walioacha. Siombi mzihesabu zote. Amri ya mahakama ikiwapo, na taarifa ya mwaka mzima ikionyesha zimeingia, hesabuni nusu. Dereva wa teksi akiwaletea taarifa ya mwaka mnamhesabia sehemu ya mapato yake. Mama ambaye hakimu ameamuru alipwe ana karatasi nzito kuliko ya dereva.

Kisha nikatakiwa niape. Kwa wasiojua: kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu mpaka mume au mke atie saini. Kifungu hicho kilihitajika. Kuna wake walioamka wakakuta dalali wa mnada mlangoni kwa deni ambalo hawakuwahi kulisikia. Ila kwa kuogopa kifungu hicho, nyinyi mnamtaka kila asiye na mume alete hati ya kiapo kwamba hana, na aliyewahi kuwa naye alete cheti cha talaka. Mimi ninacho changu, nilikwenda kwa Kadhi mapema. Jirani yangu hana. Mumewe alimwacha kwa maneno, akapanda ndege kwenda Ghuba kufanya kazi, na talaka haikuandikishwa. Ni muuguzi, mshahara wake wapita wangu, na SACCO yake inamjua tangu alipoajiriwa. Ameambiwa amlete mume atie saini au alete cheti. Kesi ya kupata cheti ipo kwa Kadhi na inakwenda mwendo wa kesi. Nyumba aliyoiona imeshanunuliwa na mtu mwingine.

Nyumba aliyotaka kuinunua, kwa pesa zake, mume akiwa hajaikanyaga, isingeweza kuwa nyumba ya ndoa kwa maana ya sheria hiyo. Wanasheria wenu wanalijua hili kuliko mimi. Wanachagua sharti zito kwa sababu haliigharimu benki chochote. Na hapa niwakumbushe ibara ya 27 ya Katiba, ambayo inaikataza serikali kumbagua mtu kwa hali yake ya ndoa, kisha ikamkataza hivyo hivyo mtu mwingine yeyote. Benki nayo imo humo.

Katika kuhangaika nilisema basi dada yangu awe mkopaji mwenza. Ni mwalimu Kilifi, ameajiriwa na tume ya walimu, TSC, na ndiye huwachukua watoto wangu likizo zote. Nikaambiwa mkopaji mwenza anakubalika akiwa mume. Huyo mume mngemkubali hata kama tungeoana wiki iliyopita. Dada niliyezaliwa naye, ambaye hakuna talaka itakayotutenganisha, hapana.

Mtasema: tatizo ni hatari, mzazi mmoja akipoteza kazi hakuna wa kumshika mkono. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa hiyo nisiipite mbio. Kwanza kifo kiondoeni. Mkopo wa nyumba una bima ya maisha. Nikifa, bima inalipa deni na watoto wanabaki na nyumba. Kinachobaki ni kazi na maradhi. Mume na mke waliokopeshwa kwa mishahara miwili wanahitaji yote miwili ili walipe. Mmoja akiachishwa kazi, marejesho yanayumba vile vile, na wao wana njia mbili za kufikia hapo, mimi ninayo moja. Ongeza na uwezekano wa kuachana, jambo ambalo limeuza nyumba nyingi kwa mnada katika mji huu. Mimi hilo limeshanipita. Kama mna takwimu zenu za ndani zinazoonyesha wazazi wanaolea peke yao hawalipi, zitoeni hadharani tuzisome. Kama hamna, basi mnachokiita hatari ni dhana.

Na msidhani ni wanawake tu. Ofisini kwetu yupo mzee mjane, baba wa watoto watatu. Mkewe alipokuwa hai walikuwa wameahidiwa mkopo. Alipofariki, faili likafungwa, akaambiwa aanze upya na mshahara mmoja. Mshahara wake mwenyewe haukuwa umepungua.

Wapo watakaoniuliza mbona sina cha kuweka dhamana, na mimi ni mtoto wa Mombasa. Ninacho na sina. Mama yangu ana nyumba Kisauni, ya vyumba sita, aliyoachiwa na baba. Ni nyumba bila ardhi, kama maelfu ya nyumba za pwani hii. Kuta na paa ni zetu. Ardhi ina mwenyewe, na kila mwaka tunampelekea kodi yake na kupewa risiti. Watu wa bara hushangaa wakisikia, lakini mambo haya yana mizizi tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, serikali ya kikoloni ilipotaka kila anayedai ardhi ukanda wa pwani ajitokeze aandikishwe, na wengi walioishi juu yake hawakuandikishwa. Matokeo yake familia inaweza kuwa na nyumba imara ya vizazi vitatu, wapangaji wanne wanaolipa, na isiweze kukopa hata bei ya mabati. Hili si kosa lenu na siwabebeshi. Nalitaja kwa sababu sera zenu zinapozungumzia mkopaji wa kawaida zinamfikiria mtu ambaye wazazi wake wana hati miliki. Huku kwetu huyo ndiye asiye wa kawaida.

Njia nyingine za msaada nimezichungulia zote. Tangu 2020 kanuni zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia asilimia 40 ya akiba yake kununulia nyumba; kampuni yetu ni ndogo, haina mfuko, nina NSSF tu. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ungenichukulia 132,000. Anayenunua nyumba yake ya kwanza katika mpango wa serikali amesamehewa, mimi nanunua kwa mtu binafsi. Nikijumlisha na 300,000 za mfukoni mwangu, ni 432,000 kabla ya wakili na mthamini. Pesa hizo ninazo, waheshimiwa. Zimetoka kwenye SACCO na kwenye chama chetu cha wanawake cha Jumamosi. Mimi si mwombaji anayekuja mikono mitupu.

Ada ya nyumba ninailipa pia, asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kama hiyo. Mahakama Kuu iliikataa Novemba 2023, ikarudi na sheria mpya Machi 2024. Nimejiandikisha Boma Yangu, kwenye orodha ya nyumba za serikali, na nangoja kama wengine. Siandiki zaidi juu ya hilo. Wenye kulisemea ni wengi.

Mwishoni mwa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000, na wastani wa mkopo mmoja ulipita shilingi milioni 9. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 12. Mnapoulizwa mbona idadi haipandi, mnajibu kwamba mapato ya Wakenya ni madogo. Ni kweli ni madogo. Ila mimi nilileta mapato madogo, malipo ya awali, riba yenu wenyewe na rekodi ya kodi, nikakwamia kwenye shilingi 1,200 ambazo sheria ya ushuru ilikwisha kunirudishia mara sita.

Ninachokiomba hakihitaji Bunge wala bajeti. Nafuu ya riba ihesabiwe kabla ya theluthi kupimwa, na kodi iliyolipwa bila kukosa kwa miaka miwili ipewe uzito kama deni lililolipwa. Amri ya matunzo ihesabiwe, japo nusu. Ndugu wa damu akubaliwe kuwa mkopaji mwenza, na anayenunua nyumba mpya peke yake asidaiwe saini ya mtu aliyekwisha kuondoka. KMRC, nyinyi ndio mnaotoa fedha hizi. Wekeni haya kwenye masharti mnayowapa mabenki na SACCO, nao watafuata, kwa sababu wanazihitaji fedha zenu.

Na la mwisho: mkimkataa mtu, mpeni hesabu kwa maandishi, tarakimu kwa tarakimu. Mimi ilinibidi niikumbuke kutoka kwenye kompyuta ya afisa na kuja kuiandika upya nyumbani. Nyumba bado haijauzwa. Mwenyewe amekubali kunisubiri hadi mwisho wa mwezi ujao. Naomba faili langu lifunguliwe tena kabla ya hapo.

Wenu,
Mama wa watoto wawili, Bamburi, Mombasa